Tende Tatu kwa Siku

Kuna waliojaliwa sauti, na kuna waliojaliwa miguu ya kukimbia. Priscah Nasimiyu alijaliwa ulimi. Sisemi ulimi wa maneno, maana kwa maneno alikuwa mkimya hadi watu wakamdhania anaringa. Nasema ulimi wenyewe, huo wa mdomoni. Kwao Bungoma, nyanyake alipotengeneza busaa, pombe ya kienyeji, hakumgawia mtu kabla mjukuu wake hajaonja tone moja. "Nyanya, kimera hiki si chetu," mtoto alisema siku moja, na kweli kilikuwa kimeazimwa kwa jirani. Nyanya alimpenda kwa hilo. Jirani hakumpenda hata kidogo.

Alipokua, ulimi huo ulimponza kisha ukamwokoa. Alikuwa mwosha glasi katika hoteli moja kando ya ziwa Naivasha, na siku za kuonja mvinyo glasi zilirudi jikoni zikiwa na matone mawili matatu chini. Priscah akawa anayaonja kabla ya kuosha. Mkuu wa wahudumu, Bwana Justus, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, akamnasa. Jikoni kote watu walijua kazi imeota mbawa. Badala yake Bwana Justus alimpangia glasi sita mezani. Mvinyo wote ulikuwa wa zabibu za aina moja, kutoka bonde moja la Afrika Kusini; kilichotofautiana ni shamba tu. Priscah alionja kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudia, akasogeza glasi mbili zikakaa pamoja. "Hizi mbili ni majirani," akasema. "Hii nyingine iko juu mlimani, peke yake." Bwana Justus akachungulia vibandiko vya chupa, kisha akavuta kiti akakaa.

Tangu siku hiyo alimfundisha. Angalia rangi kwanza. Nusa, kisha nusa tena. Weka ulimini, vuta hewa kidogo, sukutua kwa maji kabla ya kwenda kwa mwingine. Na ukishameza, hapo ndipo kazi inapoanza. "Mvinyo ni kama shahidi mahakamani," alipenda kusema. "Usimkatize. Ukweli huutoa mwishoni." Alimwahidi kwamba mwaka ukigeuka atamvisha koti la mhudumu wa mvinyo, mwanamke wa kwanza kulivaa katika hoteli ile.

Mwaka ukageuka, watalii wakaadimika, hoteli ikafunga milango. Mwanzoni mwa 2014 Priscah alikuwa na miaka thelathini na mmoja, watoto wawili wakilelewa na mamake, na kila wiki alisikia mwanamke mwingine wa kwao amepanda ndege kwenda Saudia. Naye akaenda. Mtu aliyejua mvinyo, akapelekwa nchi isiyoruhusu hata tone lake! Mungu naye ana utani wake.

Ajenti wa Nairobi aliwapa mafunzo ya wiki mbili: kupiga pasi kanzu ndefu, kuendesha mashine ya kufua, na maneno ishirini ya Kiarabu. Yalla ni haraka. Mafi ni hakuna. Shwaya ni kidogo. "Na halas," mwalimu akasema huku akipangusa viganja, kimoja juu ya kingine, fyu, fyu, "halas ni imekwisha. Ukisikia halas, wacha unachofanya, toa vyombo, ondoka. Usiulize maswali." Darasa zima likapangusa viganja. Fyu, fyu. Halas.

Nyumba aliyopelekwa ilikuwa Al-Naseem, mashariki mwa Riyadh. Bosi aliitwa Khalid, mtu wa ofisi, mpole lakini mwenye haraka, ambaye simu yake ilikuwa kama kidole cha sita. Mkewe, madam Hessa, alikuwa mwalimu mwenye kicheko cha kusikika hadi getini. Na sebuleni chini, juu ya godoro la kukalia, alikaa babake bosi, ambaye nyumba nzima, Priscah pamoja nao, walimwita Baba. Alikuwa anakaribia miaka themanini. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemnyang'anya macho yote mawili. Alizaliwa Al-Ahsa, kwenye mitende, na bustani yake ya mitende ilikuwa bado iko huko ikitunzwa na vibarua. Ni mwili wake tu uliokuwa Riyadh. Kwa kuwa Kiarabu hakina herufi ya kuanzia jina la Priscah, alimwita Brisca, na Priscah akaitika.

Siku ya tatu Priscah alimpelekea sinia la kahawa na sahani tatu za tende. Baba akanyoosha mkono, akasema, "Khalas." Priscah akashtuka. Mzee hata hajaonja! Lakini mafunzo ni mafunzo. Akainua sinia. Baba alipolisikia likiinuka akasema kwa nguvu zaidi, "Khalas! Khalas!" Priscah akaongeza kasi. Akatoa vikombe, akatoa birika, akatoa kitambaa cha meza, na mzee alipozidi kupaza sauti akanyakua hata mto aliokuwa ameegemea. Madam Hessa aliingia akamkuta mkwewe amelala chali akidai haki yake, na mfanyakazi yuko mlangoni amekumbatia mto. Alipoelewa kilichotokea alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Khalas, akamweleza kwa Kiingereza, ni jina la tende, tena tende ya kujivunia ya huko Al-Ahsa. Ni kweli pia kwamba ni neno la kuisha. Neno ni moja, kazi mbili.

Baba alipoelezwa, mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. Tangu siku hiyo kila mgeni aliyeingia alisimuliwa kisa cha Brisca na khalas, na kila kisa kiliposimuliwa mto ulizidi kuwa mkubwa.

Daktari alikuwa amempa Baba tende tatu kwa siku. Tatu, wala si nne. Kumwekea hesabu hiyo mtu aliyezaliwa chini ya mitende ni sawa na kumwambia Mbukusu wa kwao Priscah ale ugali matonge matatu kisha anawe mikono. Kwa hiyo akipewa tende moja mbaya, theluthi ya furaha yake ilikuwa imekwenda, na nyumba nzima ilijua.

Siku moja alimpa Priscah tende mbili, moja mkono wa kulia, moja wa kushoto. "Sawa sawa?" akauliza. Neno hilo Waarabu wa huko na sisi tunalitumia karibu kwa maana moja, na huenda mzee alikuwa anatania tu. Priscah hakuwa mtu wa kutaniwa kuhusu ladha. Alizitazama mwangani, akazinusa, akaonja moja, akasukutua kwa kahawa isiyo na sukari, akaonja ya pili. Akangoja. Baba akachoka. "Halas?" akauliza.

"Bado," Priscah akajibu kwa Kiswahili bila kukusudia.

Alipomaliza kungoja alisaka katika maneno yake ishirini, akapata haya: "Mama sawa sawa. Beit mafi sawa sawa." Mama ni yuleyule, nyumba si ileile.

Baba akakaa wima. Zote mbili zilikuwa khalas, moja ya bustani yake, nyingine ya bustani ya nduguye, ng'ambo ya mfereji. Akamwita madam, akamwita mwanawe, akamwita hata Protus dereva kutoka getini, ili waje wasikie. Na lile neno bado akalibeba likawa lake. Akiambiwa ale, bado. Akiambiwa alale, bado. Protus, Mluhya mwenzake Priscah kutoka Kakamega, alisema sasa wamebaki kumfundisha mzee kucheza ngoma ya isukuti.

Kila mwaka mavuno yakishaingia, mwezi wa kumi, katoni tano za khalas zilifika kutoka Al-Ahsa, za bustani tano zilizopakana au kukaribiana. Zamani Baba na wazee wenzake walizionja pamoja na kubishana mpaka adhana iwatenganishe. Wenzake walikuwa wamekufa mmoja baada ya mwingine. Bosi Khalid alikula tende akisoma simu, na kwa Baba mtu wa hivyo si mlaji, ni shimo. Kwa hiyo mwaka ule wa kwanza, katoni zilipofika, mzee alisema, "Mleteni Brisca."

Walifanya hivi. Priscah aliweka sahani tano kwa mstari, akaonja zote, akamweleza Baba kila moja ilivyo, na kwa maelezo hayo Baba akachagua tatu za kula. Maneno yalipompungukia, Baba alimwazima: asali, samli, moshi. Tende za nduguye zilikuwa tamu tangu mlangoni, kama mgeni anayesalimia kwa kelele halafu hana habari yoyote. Baba akapiga paja kwa furaha, kwa kuwa nduguye mwenyewe ndivyo alivyo. Za bustani ya pili zilikuwa na ngozi ngumu na samli ndani. Za tatu zilinuka moshi kwa mbali, na Baba akasema ndiyo, pale pana tanuri la mikate. Za nne zilichumwa mapema kwa pupa ya soko. Za tano zilikuwa za Baba mwenyewe.

Priscah alitafuna polepole. Asali kwanza, kisha kitu cheusi kidogo, kama kahawa iliyokaangwa na kusahauliwa motoni. Akameza. Akangoja.

"Halas?"

"Bado, baba."

Akangoja tena, kama Bwana Justus alivyomfunza, na pale ambapo mtu mwingine angekuwa ameshachukua tende nyingine, ikaja. "Milh," akasema. "Baadaye. Shwaya milh." Chumvi kidogo, mwishoni kabisa.

Baba alichukua tende yake ya tatu, akaila kwa kufuata mwendo huohuo, akangoja. Alipoipata ile chumvi aliweka kiganja kifuani. Maisha yake yote alikuwa amekula matunda ya bustani ile, na wazee wote wale waliokuwa wakibishana, hakuna aliyewahi kusubiri kiasi hicho. Akasema bustani ya kweli ni ile ambayo ukishaimeza bado ina neno. Priscah alielewa nusu ya maneno hayo, lakini furaha yake aliielewa yote, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege alijihisi ni mtu mwenye kazi yake, si mtu wa kutumwa.

Mwaka wa pili chumvi ilikuwa imeongezeka, na furaha ya Baba nayo ikaongezeka. "Inakomaa!" akatangaza. "Khalid, umesikia? Bustani ya babako inakomaa!" Bosi aliinua macho kutoka kwenye simu. Akamuuliza Priscah mwenyewe: ni chumvi zaidi ya mwaka jana? "Zaidi sana, bosi," Priscah akajibu kwa fahari. Bosi akaiweka simu chini, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Wiki iliyofuata alisafiri kwenda Al-Ahsa akakaa siku mbili, akarudi hana maneno. Priscah alidhani ni mambo ya kazi.

Mwaka 2016 bosi akahamishiwa Jeddah, na nyumba nzima ikahama naye. Madam Hessa alimwambia Priscah atupe kila kitu kilichokuwa kwenye friza. Priscah akatupa kila kitu isipokuwa kopo moja la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na tende kumi na moja za bustani ya Baba, masalio ya mwaka uliopita. Hakuwa na mpango nazo. Mkono tu ulikataa kutupa.

Jeddah ilikuwa na hewa nzito ya bahari. Shuka hazikauki vizuri, na chumvi huganda kwenye kichupa chake mezani. Baba hakuipenda. Alisema Riyadh joto linakupiga kofi waziwazi, lakini la Jeddah linakukumbatia bila kuombwa. Kitu kimoja tu kilimpa hamu: mwezi wa kumi ulikuwa unakaribia.

Asubuhi katoni zilipofika, bosi Khalid alimfuata Priscah jikoni, akafunga mlango nyuma yake, akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Hii yenye jina la Baba," akasema, "nimeinunua sokoni."

Priscah akamtazama.

"Kisima cha bustani kimegeuka chumvi," bosi akasema. "Mitende ilikuwa inakufa imesimama. Wewe ndiye uliyenijulisha. Uliposema chumvi imezidi, nilikwenda nikapima maji. Kiangazi hiki nimeiuza. Aliyenunua ameshang'oa kila kitu." Akashika kikombe kimoja, akakirudisha. "Nakuomba, Priscah. Akiuliza chumvi iko wapi, mwambie ni hewa ya Jeddah. Akijua, tutamzika."

Hakuamuru. Aliomba kabisa, kama mtoto anayeomba asisemwe, na hilo ndilo lililomchoma Priscah. Juu ya meza ya bosi kulikuwa na karatasi za ruhusa yake ya kwenda nyumbani, ya kwanza tangu aje, zikingoja sahihi. Bosi hakuzitaja, wala hakuwa mtu wa kuzitaja. Ni Priscah aliyezikumbuka, akajionea haya kuzikumbuka.

Mchana Protus alimpeleka Al-Mahjar, kusini mwa mji, kwenye duka ambalo Wakenya walipata unga wa ugali. Garini akamweleza yote.

"Si udanganye tu, Prisc?" Protus akasema. "Ni tende, bana. Hakuna mtu amekufa."

"Bustani imekufa."

"Sawa, imekufa. Sasa wewe ukisema, itafufuka? Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na ukumbuke kafili wako, aliyekudhamini uje huku, ni Khalid. Ikama yako ya kuishi hapa iko kwa jina lake, si la mzee."

"Mzee hana macho, Protus. Mimi ndio macho yake kwa hii kitu. Ananiuliza, ananiamini. Nikimdanganya, si ni kama nimemtoa macho mara ya pili?"

Protus aliwasha taa ya kupinda kushoto na kuiacha ikilia ko, ko, ko hadi walipofika dukani.

Alasiri, baada ya swala, Priscah alipanga sahani tano kwenye sebule ya Jeddah. Baba alikuwa amevaa kanzu mpya, ndevu zimechanwa, utadhani anakwenda kuoa. Bosi Khalid alikaa pembeni, simu ameilaza kifudifudi juu ya goti. Madam Hessa alisimama mlangoni, na safari hii hakucheka.

Walianza na za nduguye. "Bado anapiga kelele?" Baba akauliza. "Bado, baba," Priscah akasema, na mzee akazichagua kwa kicheko. Akachagua pia za karibu na tanuri. Ya tatu ilikuwa daima ya kwake. Priscah akaitia mdomoni ile ya sokoni. Ilikuwa tende nzuri, nisije nikaisingizia. Asali ilikuwemo na samli ilikuwemo. Akameza, akangoja.

"Halas?" Baba akauliza kwa utani wao wa siku zote.

"Bado, baba."

Alingoja kuliko alivyowahi kungoja kwa mvinyo wowote, akiomba bosi awe amekosea, iwe katoni zimechanganywa. Hapakuja kitu. Mwisho wake ulikuwa safi na mtupu, kama chumba ambacho watu wamehama.

Baba hakusubiri maelezo. Alichukua tende yake ya tatu, akatafuna, akameza, akainamisha kichwa kusikiliza. Hewa ya mashine ilikuwa inavuma. Alikaa hivyo mpaka madam Hessa akabadilisha mguu wa kusimamia.

"Siisikii milh," akasema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Brisca, siisikii. Ulimi wangu nao umekufa?"

"Ni hewa ya Jeddah, baba," bosi akasema upesi.

"Sikukuuliza wewe. Wewe ni shimo. Brisca, nambie. Macho yalipokwenda nilivumilia. Ulimi nao umekwenda?"

Hapo Priscah aliona uongo ule ulikuwa unadai nini. Alidhani atamficha mzee bustani yake. Kumbe ili kuificha bustani, lazima amwambie kwamba ulimi wake ndio uliokufa. Aliogopa. Akilini aliwaona watoto wake wawili mlangoni kwa mamake, wakingoja.

"La, baba," akasema. "Ulimi wako mzima."

"Basi hii ni nini?"

"Halas."

Baba akacheka. "Najua ni khalas, binti yangu! Njoo basi uuchukue na mto!" Bosi Khalid akashusha pumzi iliyosikika. Mambo yangeweza kuishia hapo. Neno lilikuwa limesemwa, ukweli ulikuwa ndani yake, na mzee alikuwa amelipokea kwa upande wa kufurahisha. Mtu mwingine angemshukuru Mungu na kwenda kuosha sahani.

Priscah aliinua mikono yake mbele ya uso wa mzee, akapangusa viganja, kimoja juu ya kingine. Fyu, fyu.

Kicheko kikakatika. Mtu asiyeona husikia viganja vizuri kuliko sisi.

"Halas?" Baba akauliza polepole.

"Halas, baba."

Akageuza uso upande ambao mwanawe alikuwa. "Lini?"

Bosi Khalid alishuka kitini akaja akapiga magoti kwenye zulia. Akasema yote: kisima, mitende, kiangazi, mnunuzi. Alipofika kwenye maji alisema neno lenyewe, milh, na mzee akainua mkono kumsimamisha.

"Milh," Baba akasema. "Miaka miwili ilikuwa inalia, na sisi tukikaa hapa tunaisifu."

Bosi akalia. Mwanamume mzima, na kichwa chake juu ya goti la babake, na mkono wa mzee ukatafuta nywele zake ukazipata. Priscah naye alilia, akiwa amesimama na sahani mkononi. Baba hakufa. Tunawaogopea sana wazee wetu, tukasahau kwamba wamezika watu wengi kuliko sisi, na kwamba linalowaua mara nyingi ni kuachwa nje ya mlango wa mambo yao wenyewe.

Walipotulia, Priscah alikwenda jikoni akaleta kopo. Aliliweka mikononi mwa Baba, akamwambia ni za bustani, za mwaka jana, kumi na moja. Madam Hessa akafumbua mdomo kuhusu friza, akaufumba. Baba akatoa moja, akainusa muda mrefu, akairudisha na kufunga kifuniko.

"Nimekwisha kula tatu zangu," akasema. "Kesho."

Kuanzia kesho yake, kila alasiri waliigawa tende moja, nusu yake, nusu ya Brisca. Baba alisema haina maana kuonja peke yako, maana utabishana na nani. Siku ya tatu bosi Khalid alikuja akaomba kipande, hana simu, akatafuna, akameza, akakaa anangoja mpaka jasho likamtoka. Ghafla akainua nyusi. "Ipo," akanong'ona. Baba akamwambia sasa amekuwa mtu. Siku ya tano karatasi za ruhusa zikarudi mezani kwa Priscah zikiwa na sahihi; bosi aliziacha tu chini ya kikombe chake cha chai.

Siku ya kumi na moja begi la Priscah lilikuwa tayari mlangoni, na Protus ameshajaza mafuta kwa safari ya uwanja wa ndege kesho yake asubuhi. Kopo lilikuwa na tende moja. Priscah aliipasua kwa kidole gumba, akaweka kokwa kwenye kiganja cha mzee, na nusu ya tende kwenye kiganja cha pili. Wakala. Hakuna aliyeharakisha. Asali ilikuja ikapita. Ile kahawa iliyosahauliwa motoni ikaja, ikapita nayo. Wakameza, wakangoja.

"Halas?" Baba akauliza, na safari hii hata yeye mwenyewe sidhani alijua anauliza lipi.

Priscah alikuwa amefumba macho. Nyuma kabisa ya ulimi chumvi ilikuwa imefika, nyembamba, inakwenda zake, lakini ilikuwa haijaondoka.

"Bado, baba," akasema.